Samaki Kwenye Kifua cha Baba Kabula

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Tena wakwe ambao asubuhi walikuwa hawajui kama ni wakwe zangu.

Kwa msionijua: mimi ni mtu wa eksirei, hapa Mwanza. Kazi yangu ni kusukuma ile mashine ya magurudumu hadi wodini na kuwapiga picha wagonjwa wasioweza kuinuka. Kabula ni mchumba wangu wa siri. Baba yake ni mkali, anakaa Buhongwa, na mshenga wangu alikuwa aende Jumapili hii. Kabula alinionya kabisa: baba aambiwe na mshenga kwanza. Akisikia kwingine, tusahau ndoa.

Sasa juzi mzee kalazwa kwa kukohoa. Leo daktari anataka picha ya kifua, hapo hapo kitandani. Nani yuko zamu? (Msijibu.)

Naingia wodini. Mzee kitandani, mama pembeni yake, Kabula dirishani anaangalia nje kana kwamba hajawahi kuniona.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Na wewe dada, habari yako?" (Dada! Jana tumekula sato sahani moja pale Mkuyuni.)

Nikaamua kuonyesha utaalamu. Nikamwambia mzee avue cheni yake yenye msalaba. Akasema hajaivua tangu abatizwe. Nikampa somo: chuma chochote, hata kiwe kidogo vipi, kinaharibu picha, na mtu makini hukagua mapema. Mama akamvua cheni shingo upande. Nikajiona profesa.

Kisha nikakivisha foronya kile kibao cha kupokelea picha. Ndivyo tunavyofanya, ili mgonjwa asisikie baridi mgongoni. Nikainama, nikakipenyeza nyuma ya mzee, nikatangaza kwa sauti nzito: "Eksirei. Ndugu wote nje." Mama mkwe akatoka wa kwanza. Mimi nikarudi nyuma na aproni yangu ya kujikinga, mzee akavuta pumzi, nikabonyeza.

Wakarudi. Mzee akasema anataka kuona. Kwa kawaida picha tunamwachia daktari, lakini mkwe akiomba utamnyima? Nikamgeuzia kioo cha mashine.

Mapafu haya hapa. Mbavu hizi hapa. Na katikati ya mbavu, samaki. Samaki mzima, mweupe pee, na funguo mbili zinaning'inia mdomoni.

Mama akashika kichwa. "Baba Kabula, umemeza nini?"

"Mimi sijameza kitu."

Mama akasogeza uso kwenye kioo. "Mbona samaki ana maandishi? Ka-bu-la."

Nikapapasa mfuko wa shati. Mtupu. Kumbe nilipoinama, funguo zangu zilitumbukia kwenye foronya, pamoja na yule samaki wa chuma ambaye Kabula alinichongeshea kwa fundi wa Igogo, jina lake limetobolewa tumboni.

Nikachomoa foronya, funguo zikaanguka sakafuni. Kabula akaanza kucheka huku kaziba mdomo. (Mchumba gani huyu?) Mzee akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akazitazama funguo. Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa.

"Kijana," akasema, "umenivua msalaba wangu."

"Ndiyo baba. Nisamehe baba."

"Halafu ukaniwekea binti yangu."

Nilijua ndoa imeishia hapo, na nusura nilie mbele ya wagonjwa.

"Haya, piga picha nyingine," akasema. "Ukimaliza, mwambie mshenga wako asijisumbue kwenda Buhongwa. Aje hapa hapa, saa ya kuona wagonjwa. Na hao ng'ombe wawe wa kuonekana bila mashine."

Naombeni mtu asicheke. Ila kama kuna anayemjua mshenga asiyeogopa wodi, aniambie haraka. Wangu nimemsimulia, kazima simu.