Pedi Mbili Zangu, Mbili za Oyugi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Breki zimeanza kulia. Si kulia kidogo. Nilipofika getini kwetu hapa Kisian, majirani wawili walitoka nje kuangalia nani anachinja nguruwe. Nikawapungia mkono.

Nimemwambia Maximilla ni vumbi. Akasema vumbi halilii. Nikasema vumbi la Kisian lina changarawe. Wiki nzima nimekuwa nikipandisha sauti ya redio kila tukikaribia kona, na mambo yalikuwa sawa. Leo ameizima redio na kusikiliza. Hapo nilijua nimepatikana.

Amri imetolewa. Jumamosi tunakwenda Muhoroni kumchukua mama yake, tumlete mjini kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Kufikia siku hiyo breki ziwe nzima. La sivyo ufunguo anapewa Laban, kaka yake, ambaye tangu tununue hii Probox hajawahi kuja kwetu bila kuizunguka mara mbili na kupiga matairi mateke. Laban! Mtu anayekula akiwa amevaa kofia!

Gari ni langu. Pesa zilitoka kwenye cherehani ya Maximilla, sare za shule mia nne, lakini nani huliosha?

Amenipa pesa za pedi mpya za breki za mbele. Zimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Amesema ninunue nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoroka kazini saa nne, nikaenda duka la spea la Mama Shiro. Jina lake ni Wangechi, alikuja Kisumu kutoka Nyeri miaka mingi iliyopita, na hacheki na mteja kabla hajalipa. Aliweka maboksi matatu kwenye kaunta. La kwanza, alisema, utazifunga na kuzisahau. La pili, zitakufikisha. La tatu halikuwa boksi, ilikuwa karatasi ya nailoni, na juu ya hiyo hakusema kitu. Aliniuliza pedi za zamani zimebaki unene gani. Nikasema unene wa wastani. Akauliza wastani wa nini. Nikageukia boksi la kwanza.

Nikalifungua. Mna pedi nne. Nne! Kwa gari moja! Nikauliza kama anaweza kuniuzia mbili, kwa sababu hapa mjini sukari tunapimiwa, mafuta ya kupikia tunapimiwa, hata dawa ya meno kuna duka mtaa wa Obunga wanakukamulia kwenye mswaki. Mama Shiro akasema mbili ni za gurudumu la kushoto na mbili za kulia, na breki si sukari.

Wakati huo huo Oyugi akaingia. Oyugi ni jirani yangu, ana Probox kama yangu, rangi kama yangu, na juzi amefunga taa za bluu chini ya gari lake, ndiyo maana kanisani watoto wote sasa husimama upande wake. Naye alikuja kuuliza bei ya pedi. Naye uso ulimshuka.

Tulitazamana. Mara moja katika maisha yetu tukaelewana. Boksi moja, nzuri kabisa, nusu kwa nusu. Maximilla alisema ninunue nzuri. Nimenunua nzuri.

Pesa zilizobaki nimenunulia honi. Ina milio saba. Tuone sasa watoto watasimama wapi.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Zadock amekataa. Amesema pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, kwamba hajawahi kuona mtu akivaa kiatu kimoja kipya na kuingia uwanjani kukimbia. Nikamweleza kwamba tunafanya utafiti. Akaenda kunawa mikono, hakurudi.

Basi tumefanya wenyewe uani kwa Oyugi, tukiongozwa na video kwenye simu. Oyugi alichagua upande wa kulia wa gari lake, wa dereva, kwa sababu anajipenda. Mimi nikachukua wa kushoto. Huo ndio upande anaokaa Maximilla. Asije akasema simjali.

Oyugi alifunga pedi zake kinyume, chuma kikitazama diski. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka mpaka Jacinta wa nyanya akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikaangalia zangu.

Tumemaliza jioni. Pedi za zamani za kulia nimeziacha. Zimebaki wembamba wa kucha, lakini kucha ni kitu kigumu.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio. Gari linasimama vizuri sana. Upande wa kushoto.

Ukikanyaga breki, linakata kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Asubuhi lilikwenda lenyewe mpaka kibanda cha Jacinta na kusimama pua ikiwa kwenye nyanya. Ilibidi ninunue kilo mbili ili ionekane ndiko nilikokuwa nikienda. Mchana, tena. Kilo moja. Jacinta ameanza kuniita mteja wa nguvu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Nimegundua dawa. Unapokanyaga breki, wakati huo huo unavuta usukani kulia. Kidogo tu. Ukizoea hata huhisi. Oyugi amepiga simu akilalamika kwamba lake linakata kulia. Nikampa dawa hiyo hiyo, ageuze tu. Akanishukuru. Kumbe Oyugi akiwa na shida ni mtu mzuri.

Maximilla ameuliza kama pedi zote nne zimefungwa. Nimejibu kwamba zote nne zimefungwa. Zimefungwa. Hakuuliza wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Ya leo sitaki kuyaandika. Nitaandika hata hivyo.

Kwetu sisi Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata kusalimiana kwa mkono hakuna. Mtu humpisha njia, huangalia pembeni, huongea naye kupitia mke. Miaka kumi na miwili ya ndoa, ninachokijua vizuri kwa Mama ni leso yake na sauti yake akiwa chumba kingine. Kwa hiyo pale Muhoroni alikaa nyuma, pembeni kabisa kushoto, akajipangia ukuta wa mikoba kati yake na kiti changu. Maximilla mbele. Mkanda wa nyuma ulikatika mwaka jana. Nilikuwa na mpango nao.

Mambo yalikwenda vizuri. Mama alimwambia Maximilla nisikie kwamba naendesha polepole, kama mtu mwenye heshima. Nilivimba. Laban angeendesha hivi?

Ahero. Ng'ombe barabarani. Nikapiga honi, mlio wa tatu, ule mzuri. Ng'ombe akasimama akasikiliza. Nikapiga wa nne. Akageuza kichwa vizuri ili asikie kwa masikio yote mawili. Nikakanyaga breki, na kwa sababu kidole kilikuwa bado kwenye honi, nikasahau kuvuta usukani.

Gari likakata kushoto, likashuka lami, likapanda turubai la mpunga ulioanikwa, likasimama katikati. Mikoba ikaja mbele. Nyuma ya mikoba akaja Mama. Kutoka kona ile ya kushoto mpaka kwangu! Mikono yote miwili shingoni, shavu lake kwenye sikio langu, na akanishikilia kwa sababu alidhani bado tunaenda. Honi ilikuwa imekwama. Ilicheza milio yote saba. Hakuna aliyesogea mpaka ikaisha.

Maximilla akataja jina langu lote, Mark Wakoli, la ubatizo na la ukoo.

Mama alishuka, leso juu ya kichwa kizima. Mwenye mpunga akatuamuru tuuokote, tukauokota. Mkutano wa akina mama ulianza bila sisi na ukaisha bila sisi. Nilipoomba Maximilla amwambie Mama apande tumrudishe nyumbani, jibu lilikuja kupitia Maximilla kwamba heri trekta. Alirudi Muhoroni kwenye trekta ya miwa iliyokuwa ikirudi tupu, amekaa wima, hakugeuka hata mara moja.

Nimeona aibu. Naandika ukweli. Nimeona aibu hata ya kumtazama yule ng'ombe.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Maximilla alimleta Zadock nyumbani baada ya ibada. Gurudumu la kushoto: pedi mpya, nono. La kulia: chuma juu ya chuma. Zadock alikitoa kipande akakishika kwa vidole viwili, akamwonyesha Maximilla, kisha akanionyesha mimi, kisha akamwonyesha Maximilla tena. Sikuona haja ya mara hiyo ya tatu.

Maximilla hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema ningewaua, kwamba upande ule kungekuwa na mtaro badala ya mpunga tungekuwa tunazikana leo. Akachukua ufunguo, akauvaa shingoni kwa uzi wa cherehani.

Jioni ujumbe umetoka Muhoroni. Wazee wamekaa. Nimemgusa mama mkwe, kwa hiyo nipeleke mbuzi ili tutakaswe, nisafishe heshima yake. Mbuzi mzima, mwenye afya, kabla ya Jumamosi. Nikipeleka, Maximilla atanirudishia ufunguo. Nisipopeleka, gari linakwenda Muhoroni kwa Laban. Laban ameshaandika kuuliza kama honi inakuja na gari.

Jumanne, 11 Machi

Zadock amefunga pedi mpya pande zote. Maximilla amelijaribu mwenyewe mpaka kwa Jacinta na kurudi. Linasimama wima, kimya. Amesema natumai umejifunza. Nimesema sana.

Nimekwenda sokoni kuangalia mbuzi. Wanauza mzima tu. Mtu mmoja, mbuzi mzima! Wakwe wenyewe watakula kiasi gani?

Nikiwa nimesimama pale nikamwona Oyugi, naye anapapasa mbuzi mgongo. Juzi gari lake lilikata kulia likaangusha ua wa baba mkwe wake na choo nyuma ya ua. Naye ametakiwa mbuzi, Jumamosi hiyo hiyo.

Tulitazamana.

Tumepata dume moja zuri sana, la daraja la kwanza. Tumeshalipia. Kilichobaki ni kukubaliana nani anapeleka upande wa mbele.