Yah: Kuondolewa kwa Sungura wa Chumvi Mezani Pangu

Kwa Daktari Mkuu wa Zahanati Yetu,

Pokea salamu kutoka karakana ya makochi iliyo mkabala na kinyozi, ile yenye mlango wa bluu. Natumaini barua hii itakukuta umeshiba kitu ulichokichagua mwenyewe. Mimi kwa kunitazama sijambo. Ndani ndiko kwenye maneno.

Si kawaida yangu kulalamika, uliza mtaa mzima. Mteja akilitelekeza kochi lake kwangu mpaka panya walizoee, siku akirudi namkaribisha chai. Paa likivuja juu ya sponji, natafuta ndoo na kuendelea na kazi. Lakini sasa yamenifika shingoni, Daktari, na kwa heshima zote nakuomba ulifunge lile darasa la lishe linalofundishwa kwenye baraza ya zahanati yako na yule binti mwembamba ambaye akina mama wote wanamwita Dada Lishe. Lifunge, nirudishiwe mke wangu kama alivyokuwa. Sina ombi kubwa zaidi ya hilo, ingawa madogo yapo na nitayataja.

Kwanza nieleze chanzo, usije ukadhani nimeamka tu na kushika kalamu. Nilipatwa na kizunguzungu nikiwa nimeinama juu ya kochi, misumari mdomoni kama tufanyavyo sisi mafundi. Mke wangu akanileta kwenu. Mkanipima presha, mkatazamana, mkatupeleka kwa Dada Lishe. Naye akasema nyama nyekundu basi, mafuta basi, chumvi basi. Nyama ya kunifaa mimi, akasema, ni sungura, maana ni nyeupe, haina mafuta mengi, na ina protini na madini ya kumtosha mtu wa kazi. Mke wangu akapiga makofi palepale, kwa sababu kaka yake anafuga sungura.

Sasa huyo shemeji yangu hana jokofu. Sungura wake wanazaana kuliko anavyoweza kuwala, kwa hiyo huwachinja, huwakata vipande na kuwapanga ndani ya pipa la plastiki, tabaka la nyama, tabaka la chumvi, mpaka juu. Akasikia naumwa. Akatuletea pipa zima, pole ya mgonjwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapanga kwa namba ili usiseme nimekuchanganya.

1. Kuhusu maji. Dada Lishe alimfundisha mke wangu kwamba nyama ya chumvi lazima ilowekwe, maji yabadilishwe tena na tena, halafu ichemshwe taratibu kwa moto mdogo mpaka ilainike. Kanuni hiyo sina ugomvi nayo. Wiki iliyofuata, walipofika kwenye mboga za majani, akawafundisha nyingine: maji uliyolowekea au kuchemshia chakula usiyamwage, kwa sababu vitamini na madini yamebaki humo. Mke wangu ni mtu mtiifu, Daktari. Amezishika kanuni zote mbili kwa pamoja. Analoweka nyama, anayamimina maji ya kwanza kwenye jagi na kupikia wali. Maji ya pili anapikia maharage. Maji ya tatu, ambayo yeye huyaita mepesi, anachemshia chai.

Nyama yenyewe ikifika mezani haina ladha kabisa, ni kama umeuma mto. Wali ndio unaokufanya ufumbe macho. Kwa jinsi ninavyoelewa mimi, ile chumvi haijawahi kutoka nyumbani kwetu, imehama chombo tu. Nilimweleza mke wangu hivyo kwa upole. Akanijibu kwamba katika nyumba yake hakuna tena kikopo cha chumvi, na kama nabisha nifungue kabati. Nikafungua. Ni kweli hakikuwepo, nikalifunga.

2. Kuhusu kutafuna. Darasa limefundisha kwamba chakula kitafunwe mpaka kiwe uji ndipo kimezwe. Haya, kwa ndizi mbivu inawezekana. Lakini mke wangu amepunguza ule muda wa kuchemsha, eti moto unaua vitamini, na sungura wa pipa asiyechemshwa akaiva ana tabia zote za mkanda tunaoupitisha chini ya kiti kushikilia sponji. Sisemi kwa kukisia. Nilichukua kipande cha mgongo, nikakikausha, nikakipigilia chini ya kiti cha mteja mmoja. Mteja huyo amerudi kunishukuru. Anasema kiti hakijawahi kuwa imara vile, ila mvua ikinyesha kinanuka mchuzi.

Ningegoma kula, lakini mama mkwe anaishi nasi. Mama mkwe hana jino hata moja, hivyo hatafuni. Yeye hulinyonya paja la sungura jioni nzima kama peremende, na wakati wote huo macho yako kwangu. Nikitafuna, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikiacha, naye anaacha kunyonya na kuniuliza kwa sauti ya huruma kama baba wa watoto leo haumwi zaidi. Wewe ni mtu mzima, unajua mkwe ni mkwe. Natafuna.

3. Kuhusu kelele. Mke wangu alikuwa mtu mtulivu. Tangu kitinda mimba wetu aolewe na kwenda mbali, nyumba yetu ilikuwa na amani ambayo wenzangu huniambia wanaiota tu. Alikuwa akipika, akipakua, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda na kuutazama ukuta. Hakuuliza kitu. Hakuudhi mtu. Kuna siku sikusikia sauti nyingine humu ndani isipokuwa nyundo yangu.

Leo anaimba! Anaimba akiloweka, anaimba akimimina. Anacheka peke yake jikoni, na nikiuliza kuna nini, ananisimulia kichekesho kirefu cha darasani ambacho lazima niache kazi ili nikielewe. Kitandani, watu wakiwa wamejinyoosha wapate usingizi, yeye ananieleza habari za ini. Ukutani amebandika picha ya sungura aliyoichora mwenyewe, mkubwa kama mbuzi, mishale ikitoka kila kiungo: hapa protini, hapa madini ya chuma, hapa vitamini ambayo nimekatazwa kuiita kwa herufi yake tu, niitaje na namba yake. Nikifumbua macho asubuhi, ananitazama huyo sungura. Nikigeuka upande wa pili, ananitazama mke wangu, naye anaonekana kukadiria paja langu lingelowekwa kwa muda gani.

4. Kuhusu madaraka. Wenzake wamemchagua mwenyekiti wa darasa. Sikumwonea wivu. Lakini jikoni kwetu ni padogo, kwa hiyo mwenyekiti ameamua mazoezi yafanyike karakanani kwangu, kwenye nafasi na mwanga. Akina mama wanaingia na masufuria yao, wanakaa kwenye makochi ya wateja, mikono ikiwa bado inachuruzika maji ya pipa. Yale maji yakikauka kwenye mahameli yanaacha mistari myeupe ambayo haitoki kwa brashi wala kwa maombi. Mteja wangu mmoja mwenye kujua mambo alikuja, akaitazama ile mistari, akaniuliza kama huo ndio mtindo mpya. Niliona aibu, nikasema ndio. Sasa wateja wanakuja kuuagiza. Nina makochi yanayosubiri kukaliwa na akina mama wa lishe, na wao wanasema wana ratiba. Fundi mzima, nimekuwa naomba miadi ya makalio ya watu.

Jirani yangu fundi redio, ambaye nilitegemea angeniunga mkono kama mwanaume mwenzangu, amelala upande wa adui. Anapita kila jioni na kikombe chake, anamwomba mke wangu maji ya pili. Anasema yanampa nguvu za kushika vitu vidogo.

5. Kuhusu afya yangu, ambayo ndiyo kazi yako. Nakunywa maji kutwa nzima na kiu haiishi. Njia ya chooni naijua hata nikifumba macho. Vidole vimevimba, nyundo naishika kwa mikono miwili. Nikapiga moyo konde, nikaja kwenu kupimwa. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku ile ya kizunguzungu. Muuguzi wako, mama mmoja makini sana, akauliza ninakula nini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nieleze yote, lakini mke wangu akanitangulia, akamwambia ninakula nyama nyeupe isiyo na mafuta, iliyoondolewa chumvi kwa kulowekwa, na kwamba nyumbani kwetu hakuna hata kikopo cha chumvi. Muuguzi akampa mkono. Akamwita mfano wa kuigwa. Kisha akanigeukia mimi na kuniambia kwa masikitiko kwamba basi tatizo langu ni mawazo, nijifunze kushukuru, na nikiona mawazo yamezidi niongeze sungura.

Tumeongeza. Siku hizi naanza naye asubuhi.

6. Kuhusu shemeji. Huyu alikuwa karibu kuacha ufugaji. Kwa ajili ya kupona kwangu amejenga mabanda mapya na kununua pipa jingine, refu kuliko lile la kwanza, na ametangaza kwa ndugu wote kwamba hatalifunga mpaka mimi nipone. Kila anayemuuliza habari za sungura wake anamjibu kwa kutaja presha yangu. Daktari, nifikirie. Nikipona, watasema ni sungura na wataniongezea ili nisirudi nyuma. Nisipopona, wataniongezea ili nipone. Nimekaa mezani kwangu nikitafuta njia ya tatu, nikaona ni kufa tu, na hata hapo najua waombolezaji watapikiwa nini.

Kwa sababu hizo naomba ufanye yafuatayo. Darasa lifungwe mara moja. Dada Lishe, ambaye binafsi sina chuki naye na ana adabu sana, ahamishiwe mahali ambapo sungura hawajafika. Zahanati itoe tangazo kwamba maji ya kulowekea nyama ya chumvi ni sumu, yasionekane karibu na majani ya chai. Itoe tangazo la pili kwamba kuanzia sasa sungura si nyama, na kama itaonekana ni vigumu kueleza ni nini, basi aorodheshwe kwenye mboga, maana mboga nyumbani kwangu naruhusiwa kuacha. Mwisho, nipewe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba mimi ni mtu wa aina isiyopatana na sungura. Nitakitundika juu ya meza ya chakula, mahali mama mkwe atakapokiona.

Nakuandikia nikiwa na akili timamu na kiu kali. Wasalimie madaktari wote, muuguzi makini, mlinzi wa getini, yule anayepanga foleni ingawa hanipendi, na wagonjwa wote waliolazwa na waliorudishwa nyumbani. Msalimie pia Dada Lishe mwenyewe kabla hajaondoka.

Ni mimi ninayesubiri mhuri wako,

Fundi Makochi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu aliporudi kutoka kwenu, aproni ameikunja kwapani. Kumbe hukuhitaji barua yangu. Darasa limefungwa, Dada Lishe amehamishwa, na tangazo la kufungwa liko mlangoni kwenu. Sikujua kama serikali inaweza kusikia mtu akiwaza.

Mke wangu hakuimba. Aliazima chumvi kwa jirani, akakaanga nyama ya ng'ombe na vitunguu kwa mafuta mengi kama nilivyokuwa napenda, akaniwekea mezani na kusema, "Haya, sasa utakula unachopenda." Daktari, siwezi kukudanganya, ilikuwa tamu sana. Nilikula nikamaliza, hiyo ndiyo aibu yangu. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa hajagusa chakula chake, na mke wangu alikuwa amekwenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Nikamfuata. Nikamuuliza ini la sungura lina vitamini gani. Akasema hakumbuki.

Kwa hiyo namba moja hadi sita uzichukulie kuwa ni pongezi, na maombi yangu yote yageuze. Barua sitaiandika upya, mikono imevimba na karatasi zimeisha. Mrudishe Dada Lishe. Ikishindikana kabisa, mweke mke wangu afundishe yeye, makochi ya kukalia nitaleta mwenyewe. Na kama kuna namna ya kumwelekeza ayamwage yale maji bila kumvunja moyo, mwelekezeni polepole. Kama hakuna, acheni, nitakunywa. Ila nakusihi usimwambie kwamba mimi ndiye niliyeomba. Mwambie tu amekuja mgonjwa mmoja, hali yake ni mbaya, anamuulizia.