Jeneza Spesheli

Jumatatu, 3 Machi

Leo Fundi katuita wote wawili, mimi na Kola. Karakana yetu inatengeneza majeneza. Fundi kasema biashara imelala. Watu wanakufa vizuri tu, lakini ndugu zao wanavuka barabara na kununua kwa yule mzee wa ng'ambo. Kwa hiyo Jumamosi anabaki kijana mmoja. Mwingine ajue pa kwenda.

Kola kacheka. Lazima acheke. Mke wa Fundi ni dada yake wa tumbo moja. Mimi na Fundi undugu wetu ni msasa.

Halafu Kola anajua kuongea. Tumempa jina hilo kwa sababu kola ya shati lake imesimama wima hata kwenye vumbi la mbao. Mteja akiingia analia, Kola anamshika bega, anamwambia marehemu alikuwa mtu wa watu. Hamjui marehemu. Hajui hata kama ni mwanamume. Mimi mteja akiingia naangalia viatu vyake. Najua viatu vya mtaa mzima. Haijanisaidia kitu.

Jioni nimemwambia dada, maana nalala sebuleni kwake. Dada kasema sawa, ukikosa kazi unarudi kwa baba ukashike jembe, mdogo wangu, sebule yangu siyo bweni. Kasema hivyo huku ananipakulia. Kapakua kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa.

Dada alinituma chumvi. Dukani foleni. Nikaanza kusoma vitu kwenye rafu, na mimi nikisoma sina haraka, shule niliiacha kabla haijanizoea. Sabuni: spesheli. Biskuti: spesheli. Karatasi za chooni: spesheli. Sumu ya panya nayo spesheli. Hata panya siku hizi anakufa kwa heshima.

Neno lenyewe nalisikia kila siku. Ni la Kiingereza, lakini limeshakaa hapa kama mgeni aliyesahau kuaga. Kinyozi ana mkato spesheli, ni ule ule wa siku zote ila anakupulizia maji. Kwenye harusi kuna mgeni spesheli, ndiye anayechelewa na kukaa kwenye kiti kizuri. Sijawahi kusikia mtu akisema kitu chake siyo spesheli.

Nikaenda kwa dada wa fotokopi, kibanda chake kipo ubavuni mwa karakana. Yeye kasoma. Mimi ananiita Kimya. Nikamuuliza neno hili maana yake hasa nini. Kasema ni kitu kilichozidi vingine, hukipati kila mahali. Nikasema mbona kipo kila mahali. Kanitazama. Kasema Kimya, leo umekula nini, umeongea sentensi mbili. Halafu kasema hiyo ndiyo biashara, kaka yangu, na kwamba hata watoto wasioshika masomo wana darasa lao spesheli. Hapo sikuuliza zaidi.

Kumbe anachapa stika. Nimemwomba moja, herufi za dhahabu. Kauliza ni ya zawadi ya harusi? Nimesema ni ya sanduku. Sijadanganya.

Mimi siwezi kuongea na wateja. Neno litaongea.

Jumatano, 5 Machi

Siku yangu!

Nimewahi kabla ya Kola. Nimebandika stika kwenye jeneza lile la karibu na mlango, nililolipiga randa mwenyewe. Mfuniko umepinda kidogo upande wa miguu. Limekaa pale muda mrefu mpaka kuku wa jirani wanalijua.

Kaingia bwana mmoja, viatu vya ngozi, anamzika mama mkwe. Kola kamrukia. Kamweleza mbao, kamweleza misumari, kamweleza mbinguni, mpaka mate yakamkauka. Yule bwana hasikii. Anaangalia stika. Kauliza hili lina nini spesheli?

Kola kanigeukia. Fundi kanigeukia. Nikaangalia viatu. Nikasema ni spesheli.

Bwana kaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa jambo zito. Kasema hilo hilo. Kasema stika isibanduliwe, anataka upande wa mke wake waione vizuri, maana wamemsema kwa miaka.

Fundi kanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Kasema kumbe una akili, ulikuwa umeziweka wapi? Kola hakugusa chakula cha mchana. Nimekula mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Kola mwizi. Asubuhi nakuta majeneza yake yote yamebandikwa SPESHELI SANA.

Nimekwenda mbio kwa dada wa fotokopi. Nimerudi na SPESHELI KABISA. Kola katoka bila kuaga, karudi na SPESHELI KUPITA ZOTE. Mimi: SPESHELI YA SPESHELI. Dada wa fotokopi kasema kwa nini msije pamoja mkashikana mikono, mnanichosha. Kauliza hapo kwenu mnazika watu au mnawatahini?

Mchana hakuna kilichobaki bila dhahabu. Majeneza makubwa, majeneza madogo, benchi lenye mguu mmoja mbovu. Kola kabandika kigoda cha Fundi. Mimi nimebandika mlango. Kola kabandika ndoo ya gundi. Randa hatukushika siku nzima, nani ana nafasi.

Fundi karudi kutoka kununua mbao. Kasimama mlangoni, kaangalia huku, kaangalia kule. Kasema sasa humu ndani kipi siyo spesheli?

Kola kanionyesha mimi kwa kidole.

Wamecheka sana. Na mimi nimecheka, ila nilichelewa.

Lakini Fundi kafurahi. Kapandisha bei ya kila kitu papo hapo. Kasema kuanzia leo karakana hii haina kitu cha kawaida, anayetaka cha kawaida avuke barabara kwa yule mzee, ambaye ubao wake umeandikwa JENEZA basi, hana hata aibu.

Mimi na Kola tumetazamana. Bado tuko sawa kwa sawa. Nahitaji neno kubwa zaidi. Sijui kama lipo.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja mama mmoja mjane, mfupi, mtulivu, na kijana wake mkubwa nyuma yake. Viatu vya plastiki, visafi.

Kola kamshika bega. Kamwambia pole mama, mzee wetu alikuwa mtu wa watu, anastahili Spesheli Kupita Zote. Mama kauliza la kawaida liko wapi. Kola kasema mama, hapa kwetu kawaida hatuna. Mama kanigeukia mimi. Nikaona hii ndiyo bahati yangu. Nikasema kuna Spesheli Kabisa, na kuna Spesheli ya Spesheli.

Mama kakaa kwenye kigoda cha Fundi. Kasema wanangu, mume wangu alikuwa mtu wa kawaida. Alikula kawaida, alilala kawaida, akikosea anasema nimekosea. Hakunisumbua. Akijikuta ndani ya hilo dude la dhahabu atajua nimemchanganya na mume wa mtu.

Kijana wake kaangalia pembeni. Nadhani alikuwa anacheka, au analia, viatu vyake havikusema.

Fundi katoka nyuma na tabasamu la siku kubwa. Kasema mama usijali, tunabandua stika, linakuwa la kawaida sasa hivi. Mama kasema kumbe ni la kawaida tangu mwanzo? Fundi kasema ndiyo mama. Mama kasema basi na bei nayo ibandue.

Sijawahi kumwona Fundi akikosa neno, na mimi ni mtaalamu wa kukosa maneno.

Kola kaona aokoe jahazi kwa vitendo. Kashika stika, kavuta. Imetoka na vanishi. Limebaki doa jeupe, na ukiinamisha kichwa bado unasoma wazi SPESHELI. Mama kasema asanteni, mmenipa pole nzuri. Kavuka barabara.

Tumesimama mlangoni wote watatu tunaangalia. Yule mzee hakumshika mama bega. Kamletea kiti. Kafuta jeneza kwa kitambaa, kamwonyesha ndani, kamwonyesha nje, kanyamaza. Wakabeba na yule kijana, huku na huku. Hata muda wa kupika chai haukufika.

Haikuishia hapo. Alasiri karudi bwana wa viatu vya ngozi. Kasema mfuniko uligoma kufunga mbele ya umati. Wakasukuma, ukainuka. Shemeji yake akakaa juu ya mfuniko ili ufungwe. Halafu mjomba mmoja wa upande wa mke akasoma stika kwa sauti, herufi moja moja, na wote waliokuja kulia wakacheka mpaka kaburini. Bwana kasema hata marehemu angecheka, na yule mama mkwe hakuwahi kucheka.

Fundi kauliza lile jeneza ni la nani. Kola kasema la Kimya. Hapo alisema kweli, na ilimchukua nusu ya pumzi.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi katuita. Kasema angetufukuza wote wawili kwa mpigo, lakini akimfukuza Kola, yeye Fundi usiku atalala wapi? Kwa hiyo Kola anabaki. Mimi nimeambiwa nisiondoke kabla sijabandua kila stika.

Nimebandua mchana wote. Maji ya moto, wembe, kitambaa. Kola kasimama nyuma yangu na kola yake, ananionyesha zilipo, eti hapo umeacha, bwana mdogo, na hapo pia. Zangu na zake. Zake ndizo ngumu kutoka.

Dada wa fotokopi kapita. Kasema pole, Kimya. Nikasema haina shida. Ilikuwa na shida.

Nyumbani dada kachukua begi langu juu ya kabati, kalipangusa vumbi, kaliweka karibu na mlango. Kapakua nyingi. Hiyo ndiyo imeniogopesha.

Jumapili, 9 Machi

Nimevuka barabara.

Nimesimama mbele ya mzee wa ng'ambo nikaangalia viatu vyake. Vimeshonwa vizuri. Kauliza kijana unataka nini. Nikasema kazi. Kauliza unajua nini. Nikasema msasa. Kauliza na kuongea? Nikasema sijui. Kasema afadhali, kijana aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anawaongelesha waliofiwa. Nianze kesho. Nipige msasa, nibebe mbao, nisiguse kingine. Kasema nisiguse kingine mara mbili, labda habari zilivuka barabara kabla yangu.

Nimekimbia kumwambia dada. Kalirudisha begi juu ya kabati. Kasema safari hii tulia, mdogo wangu, nakuomba, tulia tu. Nikasema nimetulia.

Na kweli nimetulia, ndiyo maana nimeona kitu ambacho mzee hajakiona. Majeneza yake yote ni ya kawaida, na watu wanataka ya kawaida, yule mama ni shahidi. Lakini mtu akiwa mbali atajuaje? Yapo tu pale, meupe, kimya, hayajitetei. Siku moja Kola ataamka, ataanza kusema ya kwao ndiyo ya kawaida, na mzee wa watu atakufa njaa.

Nimepita kwa dada wa fotokopi, kibanda kilikuwa wazi. Nimemwomba stika nyingine. Kauliza, Kimya, una uhakika? Nimesema kesho nawahi kabla mzee hajafungua, namshtukiza kwa furaha. Kashusha pumzi, kawasha mashine, kauliza niandike nini.

Nimemwambia KAWAIDA KUPITA ZOTE. Herufi za dhahabu, kubwa, zisomeke toka ng'ambo.