Shujaa wa Debe na Mbuzi wa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Daktari wa Thika amesikiliza kifua changu, akafunga mkoba wake, akaniambia nile ninachopenda. Nimeelewa. Mchungaji naye amenishauri niandike dhambi zangu kila siku, ili saa ikifika nisianze kubabaika. Haya. Mimi Jeconia Kaleli, mwalimu mstaafu, miaka sabini na mmoja, naanza.

Dhambi ya leo: wivu. Mwaka jana Erastus Wamalwa, mzee mwenzangu wa kanisa, alimwoza bintiye Nafuna kwa keki ya ghorofa tatu. Tatu! Hadi leo watu wanaisimulia. Sasa ni zamu yangu. Mjukuu wangu Nzioka, niliyemlea mwenyewe, anamwoa Kalondu wa Ruiru tarehe kumi na sita. Keki sitashindana nayo. Nitafanya harusi ya Ulaya ya kale: mashujaa wenye mavazi ya chuma, mikuki mirefu, bwana harusi juu ya farasi mweupe. Nilifundisha historia hiyo miaka thelathini. Haijawahi kunifaa hata siku moja.

Nimemweleza Nzioka. Akauliza, kwa heshima, kama nimemeza dawa.

Jumatano, 6 Agosti

Opiyo, fundi wa mabati, amekubali kutengeneza mavazi ya chuma kwa madebe ya mafuta ya taa. Alitaka kujua shujaa huyo atakojoaje. Swali zuri. Vitabu havisemi.

Mikuki: ile miti ya maua ya mkonge. Mirefu, myepesi, ya bure. Nikawatuma rafiki sita wa Nzioka wakaikate. Askari akawakuta barabarani wameibeba mabegani, wamejipanga mstari. Na hali ya hatari bado haijaondolewa! Wakashikwa wote. Afisa akaniita, akauliza hilo jeshi ni la nani. Nikamweleza habari za mashujaa wa kwao Uingereza. Akasema babu yake aliuza samaki. Vijana wameachiliwa. Mikuki imebaki kituoni. Askari wanaanikia nguo.

Ijumaa, 8 Agosti

Farasi hakuna. Wazungu wanao, hawaazimi. Lakini Githinji, mwuza maji, ana punda mweupe. Karibu mweupe. Haazimi pia. Anataka kubadilishana na mbuzi.

Hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Mbuzi nilikuwa nao watatu, na hawakuwa wangu. Walikuwa wa ntheo. Mchungaji, wewe si Mkamba, basi nikueleze: mbuzi watatu hupelekwa kwao msichana. Watatu, si wawili. Wasipofika, hata maaskofu kumi wafungishe ndoa, msichana bado ni wa kwao, na watoto ni wa kwao. Nzioka aliwanunua mmoja mmoja kwa mshahara wa kiwandani, mwaka mzima, akaniachia mimi niwatunze.

Nikampa Githinji yule mkubwa. Nzioka alikuwa zamu. Nilijiambia mbuzi wawili na punda mmoja ni wanyama watatu. Hesabu ni hesabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ruiru. Aibu!

Nilitangulia na wanyama kwa lori la shamba, punda nimemfunika shuka safi la kitandani. Nzioka akafuata kwa basi, na suti. Syombua, nyanya yake Kalondu, macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo huhesabu kwa mkono. Akashika pembe za wa kwanza. Akashika pembe za wa pili. Kwa wa tatu akatafuta pembe, akapata masikio. Akayafuata juu, hayaishi. Akauliza, "Mwalimu, huyu mbuzi wenu amelelewa na nani?"

Punda akajibu mwenyewe. Walimsikia hadi stesheni.

Nikasema hiyo ndiyo desturi ya mashujaa. Nikatoa hati niliyoiandika kwa wino mwekundu, kuahidi mbuzi wa tatu baadaye. Mbuzi wa pili akaila hati. Syombua akasema angalau mmoja wetu ameshiba. Kisha akasema Kalondu haendi kanisani mpaka wa tatu aingie boma lile kwa miguu yake minne.

Kalondu akaingia ndani bila kumtazama mtu. Nzioka hakupiga kelele. Angalipiga ningalimjibu. Aliliondoa shuka mgongoni mwa punda, akalikunja vizuri, akanikabidhi. Hakuniita babu.

Jumatano, 13 Agosti

Githinji ameshamla mbuzi. Ubatizo wa mwanawe. Anasema alikuwa mtamu.

Nzioka anafanya kazi zamu mbili na hasemi nami. Chakula ananiwekea mezani, anaondoka. Kalondu alimwandikia kwamba atangoja, lakini nyanya hangoji.

Erastus ana mbuzi kumi na mmoja. Kanisa zima linajua kisa chetu, naye pia anajua. Nimwombe? Afadhali nife. Nikakohoa, nikafikiri huenda ombi hilo la kufa limekubaliwa.

Hapo wazo likanijia. Nikampelekea Syombua ujumbe kwamba niko kufani, harusi ifanywe upesi, mbuzi asahauliwe kwa huruma. Akajibu kwamba amesikitika, na akija kunizika atalia machozi theluthi mbili.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameoana!

Ni Erastus. Alhamisi alimfunga mbuzi kwenye kibebeo cha baiskeli akaendesha mpaka Ruiru, mzee wa miaka sitini na minane, mbuzi akilia kila shamba la kahawa. Hakumwambia mtu. Nimeambiwa na Syombua, mlangoni pa kanisa, kwa sauti ya kutosha watu wote.

Nzioka alikataa madebe. Basi nilivaa mimi kofia ya chuma, kwa heshima ya historia. Opiyo aliipima kwa kichwa chake mwenyewe. Iliingia, kutoka ikakataa. Mchungaji, ulipouliza kama kuna mwenye pingamizi, nilikohoa tu. Ndani ya debe kikohozi huwa ngurumo. Kanisa zima liligeuka. Kalondu akacheka mpaka shela likaanguka, na Nzioka akacheka naye. Kisha akashuka, akanishika mkono, akasema, "Kaa chini, babu."

Ndani ya debe mtu anaweza kulia asionekane. Nakiri hilo.

Opiyo alinitoa kwa mkasi wa bati, wali ukiwa umekwisha. Erastus alikaa meza ya mbele.

Jumatatu, 18 Agosti

Mchungaji amesoma daftari hili. Alicheka mahali ambapo hapakuwa na mzaha. Akaniagiza nimwombe Erastus msamaha na nimrudishie kitu. Nimekwenda. Erastus akasema si neno, sisi ni ndugu. Hakuna aliyewahi kunitusi namna hiyo. Nimempa punda. Anauma. Erastus atajionea.

Moyo mwepesi kabisa. Nimetubu, naweza kwenda wakati wowote.

Jioni amekuja Mbuvi, ndugu mdogo wa Nzioka. Ameposa Kalimoni, ntheo ni Desemba. Ameniletea mbuzi wake nimtunzie, maana amesikia babu amebadilika. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Watatu, wanene, wanatafuna hapo nje ya dirisha.

Warumi walikwenda harusini kwa magari ya kukokotwa, nadhani. Au vitani. Nimemwandikia seremala wa mikokoteni pale Juja. Nimemwuliza kama anapenda nyama ya mbuzi.