Nkwabi na Kuku Aliyemzuia Mama Mkwe

Sogeeni, enyi watu wa Igogo, na ninyi mlioshuka na mchele kutoka Kisesa. Tueni mizigo, msikie habari za Nkwabi mwana wa Ngosha, mbeba marobota ya pamba, simba wa foleni ya sukari, na vita alivyopigana asubuhi moja ya mwaka sabini na tano, pasipo mkuki wala ngao, mbele ya mkwewe na kuku mmoja.

Ijulikane kwamba kwa Wasukuma wa nyumba ile, mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana. Humpisha njia, humgeuzia mgongo, na neno likiwa la lazima hupitia kwa mke. Siku tisa Mama Suzana wa Magu alikuwa uani pale, akimngojea binti yake Teodora, mke wa Nkwabi, ajifungue mtoto wa kwanza. Na siku zote tisa Nkwabi alimheshimu kama watu wanavyouheshimu mwamba wa ziwani: kwa mbali.

Siku ya kumi, Teodora akiwa kliniki, shujaa akaona kigoda cha mkwewe kinayumba mguu. Akaingiwa na huruma, akakitwaa kimya kimya, akakipeleka kwa fundi. Alidhani aliyenyamaza hajasema kitu. Mama Suzana akatoka, akakuta vumbi tupu pale alipozoea kukaa, akausoma ujumbe ule kama barua yenye muhuri: mgeni aliyeondolewa kigoda amekwisha kuagwa.

Nkwabi akarudi, kigoda begani kama ngao ya ushindi, akamkuta amefunga furushi, amekalia kinu kilicholala. Akakitua kigoda chini. Basi la Magu huondoka saa tatu, na Teodora asingerudi kabla ya adhuhuri. Nani basi angempokea mtoto? Akatafuta mjumbe. Hapakuwa na kiumbe ila kuku mwekundu akichakura jivu. Akampa mkwewe mgongo, kama adabu itakavyo, akamwinamia ndege yule.

"Shikamoo, kuku."

Ng'ambo ya ua wa matete jirani yake Shimba akachungulia, redio yake ikinguruma habari za kilimo cha kufa na kupona. "Nkwabi, leo kuku ndiye mkubwa wako? Kesho utamwomba bata ruhusa ya kuoa."

Nkwabi hakutikisika. Akaanza hotuba; redio ikaimeza nusu, na kuku akatimka na nusu iliyobaki hadi nyuma ya choo. Mara tatu waliuzunguka ua ule, mwindaji na mwindwa, mpaka mbeba marobota akajitupa kifudifudi na kumdaka mjumbe wake.

"Ndugu Shimba," akasema kwa utulivu wa majemadari, "zima redio. Ninaongea na kuku."

Shimba, asiyewahi kumtii hata balozi wa nyumba kumi, akazima kwa mshangao.

"Sikia, kuku. Kigoda kiliumwa mguu, nikakipeleka kwa fundi ili anayekikalia asianguke. Kosa langu sikusema. Nyumba hii ni chumba kimoja, lakini tangu siku hizi tisa ndipo imekuwa nyumba. Teodora anaogopa kuzaa. Mimi naogopa kuliko yeye. Nakusihi, kuku, usipande basi."

Kuku akajibu kwa kumnyea kiganjani.

Kisha Mama Suzana akakohoa, akayageukia mafiga.

"Mafiga, mwambieni huyo kuku nimesikia. Mwambieni pia fundi amepiga msumari mmoja tu, nami si mwepesi."

Akainuka, akakikalia kigoda, akakijaribu kulia na kushoto. Kikatoa mlio, kikastahimili. Ndipo akalifungua furushi, akatoa konzi ya mtama wa njiani, akammwagia mjumbe.

Na iandikwe: Ijumaa ya juma lilelile mtoto alipokelewa na mikono ya bibi yake. Kuku hakuchinjwa, si Krismasi wala msiba. Alikufa kwa uzee akiwa na cheo. Sasa wamekwisha kwenda wote watatu, mkwe, na mkwe, na mjumbe wao. Kigoda kipo, kwa msumari uleule mmoja, na hakiyumbi.