Plasta ya Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Mwizi hupewa hakimu mmoja. Mimi nimepewa majaji watatu! Mahakama ya Rufani nzima imekaa kuuliza: je, huyu ni shahidi mtaalamu?

Mpwa wangu mshonaji alivunjika mkono, hospitali ikamfunga plasta ovyo, mfupa ukaunga upande. Hashiki tena hata sindano. Akashtaki. Nikapanda kizimba cha mashahidi na koti jeupe, nikaapa nimepiga plasta miaka ishirini na mitatu. Kweli tupu! Nusu ya kuta za mji huu ni kazi yangu. Jaji wa Mahakama Kuu hakuuliza plasta ya nini. Tukashinda. Hospitali ikakata rufaa.

Mke wangu, muuguzi, alikaa benchi la nyuma. Miezi minane tangu ahame. Kanenepa kidogo. Kapendeza. Majaji wakiniita mtaalamu, atarudi tu.

Jumanne, 5 Machi
Wakili wa hospitali kasoma ushahidi wangu, neno kwa neno. Kumbe nilisema plasta imwagiwe maji siku saba isipasuke. Na mchanga uchekechwe kwanza. Jaji wa kati akavua miwani, akauliza: mchanga?

Mke wangu akacheka. Kicheko kile kile! Nyumba yangu imekikosa kuliko chumvi.

Nje mpwa akaniambia, Mjomba, mimi nilikuomba unisindikize tu. Mkono kauficha ndani ya khanga. Nikafunga vifungo vya koti jeupe, kimoja kimoja.

Jumatatu, 11 Machi
Hukumu. Mimi si mtaalamu. Jaji wa kwanza alipaswa kuchunguza sifa zangu kabla ya kunisikiliza. Kesi ianze upya. Mpwa kalia. Mke wangu akamkumbatia, akamwambia ameshaongea na daktari bingwa wa mifupa, atakuja kutoa ushahidi. Kisha akanigeukia. Moyo ukaruka! Akauliza koti lake la kazi liko wapi, maana vifungo vya koti nililovaa mahakamani alivishona yeye.

Nikasema limeibiwa.

Jumanne, 12 Machi
Jirani kang'olewa jino zima, bovu likaachwa. Anataka kushtaki. Nimemwambia kung'oa ndiyo fani yangu, miaka na miaka. Misumari, ila hakuuliza.

Koti lipo tayari, nyuma ya mlango. Halijafuliwa. Jirani nimemwambia ni desturi ya wataalamu. Ukweli, na usitoke humu: kola bado inanukia mafuta ya nywele ya mke wangu, nami nalala nalo.