Kibali cha Kuita kwa Mkono

Ofisi ya mji wetu wa Kamitsuru inawatangazia wote: kuanzia leo kila ishara ya mkono ina maana moja tu, na anayeitumia awe na kibali chenye mhuri mwekundu. Tangazo tumelipokea kwa mikono miwili, ikiwa imeshushwa chini kama kanuni inavyotaka.

Aliyeyabuni haya ni Bwana Hatakeda, mkuu wa Idara ya Uratibu wa Viganja. Chati yake ameibandika stesheni. Kidole puani: "Ni mimi." Kiganja kupepea mbele ya uso: "Si mimi." Mikono kupishana kifuani: "Hairuhusiwi."

Mimi nauza achari ya figili mlangoni pa stesheni, mwaka wa arobaini huu. Wateja nawaita kama mama alivyowaita, kiganja chini, vidole vikichezacheza. Nikaenda kuomba kibali. Nilingoja siku tatu, kungoja nakuweza. Bwana Hatakeda akanijulisha kwamba ishara hiyo haimo kwenye chati, kwa hiyo haipo, na Jumatatu meza yangu itaondolewa.

"Mbona nawe huniita hivyo hivyo ukitaka achari, mwanangu?"

"Ile ni ya kikazi, Bibi Shigeno."

Nikaona ana haki.

Jumatatu, karani akiwa anakunja meza yangu, mkuu wa mkoa akashuka kwenye treni. Akaisoma chati yote, akafurahi mno. Akasema aliyeibuni ni mkurugenzi kuanzia saa hiyo. Akamgeukia Bwana Hatakeda. "Ni wewe?"

Sasa, kwetu mtu akisifiwa hakubali papo hapo. Hukataa mara mbili, mara tatu, ndipo akubali kama aliyelazimishwa. Bwana Hatakeda kalelewa vizuri. Akainama, akapepea kiganja mbele ya uso.

Mkuu wa mkoa akaangalia chati. "Kumbe si wewe. Nani basi?" Macho yake yakanifikia.

Nami kwa mshangao nikajigusa pua: mimi?

Chati ni chati. Bwana Hatakeda akabaki ameinama. Kumsahihisha mkubwa mbele za watu ni kukosa adabu kuliko kujisifu.

Siku hizi mhuri ninao mimi, na meza imerudi. Jana Bwana Hatakeda alikuja kuomba kibali cha kupepea kiganja, aeleze kuwa siku ile alikuwa anaona haya tu. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikapishanisha mikono kifuani.

Alipofika mlangoni nikamwita kwa vidole, aje achukue achari. Akaganda pale pale, mguu mmoja nje. Ishara ile bado haimo kwenye chati.